Sikio halilali na njaa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, nakaa Morogoro, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni mashine ya kusaga na kukoboa. Nilianza nikiwa na miaka 22 kama kijana wa kumwaga mahindi kwenye mashine ya mtu, na sasa namshukuru Mungu ninayo ya kwangu.

Shida yangu ilianza Ramadhani ya mwaka juzi. Nilitoka kazini, nikakaa barazani kungoja adhana ya magharibi, nikasikia kitu kinalia "ngiiii", chembamba, kama nyenje. Nikadhani ni friji ya jirani. Nikamwuliza mke wangu kama anasikia, akasema hasikii kitu. Mama mkwe alikuwepo, akacheka, akasema sikio likilia ujue kuna mtu anakutaja. Shangazi, kama ni kutajwa, basi nimetajwa miaka miwili na huyo mtajaji hajapumua hata mara moja.

Mlio uko masikio yote mawili, la kushoto zaidi kidogo. Mchana mashineni siusikii. Balaa ni usiku. Napanda kitandani saa 3 ili nipate muda wa kutosha, lakini nyumba ikitulia tu, mlio unapanda mpaka naona kichwa kizima kinalia. Najigeuza huku, najigeuza kule, naangalia simu: saa 6, saa 8, saa 9 na robo. Usingizi ukija unakuja saa 10, na saa 11 adhana ya alfajiri inaniamsha. Nina miezi sijui mingapi nalala hivyo.

Nimehangaika sana. Nimesomewa kisomo, nimekunywa kombe. Nimenunua matone ya shilingi 85,000 kwa mtu anayetangaza kwenye simu, hayakunisaidia. Hospitalini daktari alinimulika masikio yote mawili, akasema ni mazima, ugonjwa huo hauna dawa, nikazoee. Sikukaa naye hata dakika tano. Usiku naziba masikio kwa pamba na nimekataza redio na televisheni baada ya saa 2, ili nyumba iwe kimya kabisa. Feni nayo mke wangu huizima nikishalala, anasema inamaliza umeme wa Luku. Nimeanza kutumia vidonge vya diazepamu vya duka la dawa. Nilianza na kimoja, sasa ni viwili, na hata hivyo viwili havinifikishi asubuhi.

Kuna jambo nalionea aibu. Siku hizi nafungua mashine kabla wateja hawajafika, naiwasha ikizunguka bure, nakaa pembeni. Ndani ya ule mngurumo ndiko napata amani. Nikiizima, mlio unarudi na hasira.

Nimekuwa mkali nyumbani. Juzi mwanangu aliangusha sufuria nikamfokea mpaka akalia, nami nikaenda kujifungia chooni nikalia vilevile. Kwenye kahawa na wenzangu nacheka wakicheka, lakini mara nyingi sikusikia kilichosemwa. Kuna usiku nawaza kwamba waliokufa wamepata kimya. Neno hili sijamwambia mtu. Nisaidie Shangazi, hata kama jibu ni kwamba sitapona, nijue moja.

Asiyelala, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na neno ulilolificha mwishoni, lile la waliokufa. Mtu asiyelala miezi mingi hufika mahali anatamani kimya kwa gharama yoyote, na usingizi uliokatika hulifanya wazo hilo lionekane la busara saa 9 usiku. Mchana huwa halina sura ileile. Huna wazimu wala huna dhambi ya kuungama kwangu, ila usilibebe peke yako hata usiku mmoja zaidi. Mwambie mkeo leo, kwa maneno uliyoniandikia mimi. Vile vidonge akae navyo yeye. Na wiki hii hii nenda hospitali, umwambie daktari kuhusu mawazo hayo kabla hujamwambia kuhusu sikio. Mwombe akuunganishe na wa afya ya akili. Siku wazo likigeuka kuwa mpango, usingoje kuche: amka, mwamshe mtu, mwende hospitali usiku huohuo. Haya mengine yote yanafuata baada ya hilo.

Sasa tukae kitako.

Mlio huo nami ninao. Nilikuwa muuguzi, na mwaka 1991 nikapata kifua kikuu. Dozi ya wakati ule ilikuwa na sindano ya streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Ilinitibu kifua, ikaniachia nyenje wangu, na hajaondoka mpaka leo ninavyokuandikia. Wasomaji wa umri wangu wanaijua habari hii kwa njia nyingine: waliomeza kwinini enzi hizo wanakumbuka masikio yalivyovuma mpaka dozi iishe. Kwa wengi wao mlio ulikwisha na dozi. Wa kwangu ulibaki, na wako umebaki, kwa sababu kilichoumia hakiponi.

Ndani ya sikio, nyuma ya kile kiwambo alichokimulika daktari, kuna kijumba kilichojisokota kama gamba la konokono. Humo mna vinyweleo vidogo mno, kama 15,000 kwa kila sikio, na kazi yao ni kuyageuza mawimbi ya sauti kuwa habari za kupelekwa kwenye ubongo. Tochi haifiki huko. Ndiyo maana uliambiwa masikio ni mazima: mlango ni mzima kweli, chumba cha ndani hakikuonekana. Mashine yako imekuwa ikikanyaga vinyweleo hivyo kwa miaka 21, ikianza na vya sauti nyembamba. Kuku vikimharibikia huota upya. Sisi wanadamu hatukujaliwa hilo, sijui kwa nini, maana kuku hana hata redio.

Vikishakufa, ubongo unapokea habari pungufu kutoka upande ule. Haukubali. Unafanya unachofanya wewe ukiwa na redio ambayo stesheni haishiki vizuri: unapandisha sauti, na unachopata ni "shaaa" tupu. Huo ndio mlio wako. Hautoki nje, ndiyo maana mkeo hausikii, na si jini. Ni ubongo wako umepandisha sauti ukitafuta kitu kilichopotea. Kule kutosikia maneno kwenye kahawa na huku kusikia nyenje ni ugonjwa mmoja, si miwili.

Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Najua walikusudia umbea, kwamba hakosekani wa kukuletea habari. Mimi nalichukua neno lao kama lilivyo. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaweka watu 80 wenye masikio mazima kwenye chumba kisichoingiza sauti hata kidogo. Kwa dakika chache tu za kukaa humo, watu 94 katika kila 100 walisema wanasikia vitu: mvumo, mlio, wengine kama wadudu. Watu wazima wa afya, wasio na shida yoyote! Sikio likinyimwa sauti, ubongo hujipikia yake.

Sasa jitazame wewe. Umeziba masikio kwa pamba. Umezima redio, umezima televisheni, na feni inazimwa. Umekijenga kile chumba cha Wamarekani hapo kwako Morogoro, ukamlaza humo mtu ambaye sikio lake lina njaa tayari. Halafu mchana unalipeleka sikio hilohilo kwenye mashine, linavimbiwa kelele. Mlio haukupati usiku kwa sababu usiku ni wake. Unakupata kwa sababu umeufagilia njia.

Kwa hiyo pamba ya usiku, itoe. Leo. Chumba chako kisiwe kimya tena, si usiku tu, hata mchana ukiwa umepumzika. Washa feni. Kama ni usiku wa baridi, igeuzie ukutani, tunachohitaji ni sauti yake. Au redio ndogo, uiweke katikati ya stesheni mbili inapotoa ule mvumo tu. Au pakua sauti ya mvua kwenye simu, simu uilaze chini upande wa pili wa chumba. Muziki na mawaidha siyapendekezi kwa saa za kulala, maana ubongo unayafuata maneno. Umeme utakatika, hilo unalijua kuliko mimi, na kimya kitakachoingia ghafla saa 8 usiku kitakuamsha kama umepigwa kofi. Kwa hiyo karibu na kitanda pawe na kitu cha betri.

Na hapa ndipo watu wanapokosea. Sauti hiyo isiufunike mlio. Iwe chini yake kidogo, uwe unavisikia vyote viwili, kama mtu anayeongea huku mvua ikinyesha. Ukiufunika kabisa, ubongo haupati nafasi ya kuuzoea, na siku feni ikiharibika utarudi mwanzo. Ukivaa spika za masikioni ukafungulia kwa nguvu, unayaua na yale masalia.

Daktari alikuambia ukazoee. Namlaumu kwa dakika zake tano, lakini neno lenyewe lilikuwa nusu ya kweli. Alikunyima nusu ya pili, yaani namna ya kuzoea. Jirani wa mashine yako, yule mwenye ukuta mmoja na wewe, mwulize kama mashine inamsumbua. Atakuambia haisikii. Anaisikia siku ikizimika katikati ya kazi, hapo anatoka nje kuuliza kulikoni. Mama mzazi hulala treni ikipita, akaamshwa na mtoto aliyekohoa mara moja. Ubongo una mlinzi wa getini, anaamua kipi kipite na kipi kisipite, na kipimo chake si ukubwa wa sauti. Anauliza: hii ni hatari? Mtafiti mmoja, Pawel Jastreboff, alilieleza jambo hili mwaka 1990, na matibabu mengi ya leo yamejengwa juu yake. Mlio wako mlinzi ameuandika kwenye daftari la wezi. Kila usiku unaousikiliza, ukaupima umepanda au umeshuka, ukauogopa, unamwambia mlinzi amefanya vizuri, aendelee kukuamsha.

Kuufuta kwenye daftari hilo kunafundishika. Kuna tiba ya mazungumzo ya kubadili mawazo na mazoea, na kwa watu wenye mlio mkali ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko kingine chochote: haipunguzi mlio wenyewe, inapunguza mateso yake. Wataalamu wake kwetu hawajaa, ila yule wa afya ya akili niliyekutuma kwake ndiye wa kumwuliza. Wakati unamngoja, anza na hiki. Usiku wazo likija, "sitalala tena, huu mlio utanimaliza", liandike kwenye karatasi. Kesho mchana lisome kama barua ya mtu mwingine. Miaka miwili umelala vibaya, lakini umelala; umesaga mahindi ya watu, umelisha watoto. Ukweli huo nao uandike, chini ya lile la usiku. Utaona ni jambo la kijinga wiki ya kwanza. Lifanye tu.

Usingizi nao una shida yake ya pili, ambayo sasa haitegemei mlio tena. Kitanda chako kimejifunza kukesha. Unalala saa 3 na kuamka saa 11, ni saa 8 kitandani, kwa usingizi wa saa moja au mbili. Hata mlio ungekatika leo, ungekuta bado unakodoa. Dawa yake inaonekana ya kikatili: punguza muda wa kitanda. Usipande kabla ya saa 5 usiku. Uamke saa 11 ileile, kila siku, ulale vizuri usilale. Adhana unayo, huhitaji hata saa ya kengele. Ukishaanza kulala karibu muda wote uliomo kitandani, rudisha robo saa, ungoje wiki, urudishe nyingine. Wiki mbili za mwanzo utakuwa na usingizi mchana, na wewe unafanya kazi penye mikanda inayozunguka, kwa hiyo usishuke chini ya saa hizo 6 hata ukiona unaweza, na siku unayosinzia mwachie kijana wako mashine.

Ukipanda kitandani ukaona kama dakika 20 zimepita huna usingizi, toka. Kadiria tu, usitazame saa. Simu isilale karibu na mto. Nenda sebuleni, taa hafifu, shika kazi ya mikono isiyo na haraka. Mimi huwa nachambua mchele. Nimechambua mchele mwingi sana maishani mwangu. Macho yakiwa mazito, rudi. Yakigoma tena, toka tena. Kitanda kijifunze upya kwamba kazi yake ni kulala, na ile kazi nyingine ya mume na mke, basi. Kahawa ya jioni na wenzako, nenda, ila baada ya saa 8 mchana kikombe chako kiwe na tangawizi. Kahawa haijathibitika kuwa inaleta mlio. Usingizi ndiyo inauiba, tena kwa saa nyingi baada ya kunywa. Kulala mchana, dakika 20 baada ya adhuhuri, zisizidi.

Vile vidonge. Diazepamu hukuangusha, haikulazi, na baada ya wiki chache mwili huizoea ukadai zaidi, ndiyo maana kimoja kimekuwa viwili. Lakini sikiliza vizuri: usiviache ghafla. Mtu aliyevitumia kwa miezi akivikata siku moja anaweza kukesha kabisa, akatetemeka, hata akapata degedege, na mlio wenyewe hupanda kwa muda. Nenda navyo kwa daktari, mwambie ukweli wa idadi na muda, akupangie kushuka kidogo kidogo. Na aliyekuuzia bila cheti cha daktari, mimi na yeye tungekuwa na maneno.

Matone ya shilingi 85,000 uliyapata kwa bei ya somo. Hakuna dawa, ya kumeza wala ya kudondosha, iliyothibitika kuuondoa mlio wa aina yako. Madaktari wa masikio wa Marekani waliandika mwongozo mwaka 2014 wakawashauri wenzao wasipendekeze ginkgo (dawa ya majani ya mti), zinki wala melatonini (homoni ya usingizi) kwa shida hii, na hivyo ndivyo hasa vinavyouzwa kwa majina mapya kila mwezi. Mafuta ya moto na maji ya kitunguu saumu, naomba msiyaweke sikioni hata kidogo. Nimeosha masikio yaliyoungua, sitaki kukumbuka. Kisomo sikukatazi. Moyo uliotulia ni nusu ya usingizi. Ila kisomo kisichukue nafasi ya kipimo.

Maana kipimo hukufanyiwa. Omba rufaa uende kwenye idara ya masikio, pua na koo. Huko hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ipo, nawe Morogoro si mbali, asubuhi unapanda treni unarudi jioni. Waambie unataka kupimwa usikivu, ile ya kukaa chumbani umevaa spika za masikioni na kubonyeza kitufe ukisikia. Watakupa mchoro unaoonyesha umepoteza sauti zipi na kwa kiasi gani. Nina hakika ya kutosha kwamba umepoteza, kwa vile ulivyosimulia kahawa. Wakithibitisha, uliza kuhusu kifaa cha kusaidia kusikia. Wanaume wa umri wako hukikataa kwa sababu kinawazeesha. Kitakurudishia maneno ya wenzako, na mara nyingi kinashusha mlio pia, kwa sababu sikio limelishwa na ubongo hauna sababu ya kupandisha redio. Wapime na nta, wapime na presha, uwaonyeshe dawa zozote unazomeza, maana aspirini kwa dozi kubwa na baadhi ya sindano huvumisha masikio.

Niwageukie wasomaji wengine kidogo, kwani barua hii haisomwi na wewe peke yako. Kuna milio isiyongoja. Ule wa sikio moja tu. Ule unaopiga dundu-dundu pamoja na mapigo ya moyo. Ule unaokuja na kizunguzungu cha kuangusha, au uso kulegea upande, au usaha. Na kuliko yote, aliyeamka asubuhi sikio moja limezimika: huyo asijipe wiki ya kusubiri wala asitie mafuta, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa ya kuokoa usikivu huo ina siku zake chache za kufanya kazi, zikipita zimepita.

Turudi mashineni, kwenye lile ulilolionea aibu. Sikucheki. Unakwenda kwenye kelele kama mtu mwenye kiu anayekunywa maji ya bahari. Kinachotokea pale ni kwamba mngurumo unaufunika mlio kwa muda, huku ukivichosha vile vinyweleo vilivyobaki, na ukizima unakuta njaa imeongezeka. Kelele hupimwa kwa desibeli, kwa kifupi dB. Kelele za dB 85 mwili unazivumilia kwa saa 8 kwa siku. Kila dB 3 zikiongezeka, muda unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Mashine ya kusaga mara nyingi hupita 90. Huna kipimo? Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Kama inabidi upaze sauti akusikie, mmevuka. Pamba uliyokuwa ukiziba usiku haizuii kelele ya mashine, wala usiihamishie huko. Nunua vizibo vya povu vinavyofinywa na kuvimba ndani ya sikio, au vile vikubwa vya kufunika masikio wanavyovaa watu wa viwandani, na uvae kila mota inapozunguka. Kuiwasha bure asubuhi, acha. Ukitaka sauti ya kukaa nayo, ile mvua ya kwenye simu inatosha.

Na yule kijana wako anayemwaga mahindi ana miaka mingapi? Kama ni 22, wewe unajua kuliko mtu yeyote Morogoro anakokwenda. Vinunue viwili viwili.

Uliniomba nikuambie moja. Mlio wenyewe huenda usiondoke. Wa kwangu una zaidi ya miaka 30. Mateso ndiyo yanayoondoka, na hayaondoki kwa tarehe. Kwangu yalichukua karibu mwaka. Sikujua yameondoka mpaka usiku mmoja wa masika, mvua ilikuwa inapiga bati, nikalala kama mtoto, ikakatika alfajiri, nikaamka kwa kile kimya, nikamsikia nyenje wangu, nikawaza "ah, upo?", nikageuka upande wa pili. Nilikuja kushtuka nikinywa chai kwamba sikuwa nimeogopa. Kwa hiyo usijipime kwa kuuliza mlio umeshuka kiasi gani, maana kuuliza huko ni kuusikiliza. Andika tu kila asubuhi umelala saa ngapi, na uliwafokea mara ngapi jana.

Mwanao wa sufuria, mwombe radhi. Mweleze una kitu kinalia sikioni, watoto huelewa upesi kuliko tunavyodhani, na atakuuliza maswali ambayo hata daktari hakukuuliza.

Barua hii mpe mkeo aisome yote. Feni ya kusimama ya wati 50 ikiwaka saa 8 inakula yuniti 0.4, haifiki hata nusu ya yuniti moja. Mwambie Shangazi amepiga hesabu, na kwamba anaomba isizimwe.